Chai ya Saa Nne Imeshatiwa Sukari

Mdogo wangu wa Naivasha, umesema ikigonga saa tisa kule kwenye mabanda ya maua kichwa kinakuuma na macho yanaingia kiza, ukaniuliza ununue dawa gani. Ngoja kwanza, tuhesabu ulichokunywa.

Chai ya saa nne, vikombe viwili. Birika limetoka jikoni limeshatiwa sukari, hakuna aliyekuuliza vijiko vingapi. Saa saba, chapati na soda ya nusu lita. Soda hiyo peke yake ina karibu gramu 53 za sukari, vijiko 13 vya chai hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na akishuka hadi 25 ni heri zaidi.

Maji je? Hunywi, umekiri, kwa kuwa choo kiko mbali, na msimamizi anatazama saa. Hapo nimekasirika, na si wewe uliyenikasirisha. Joto la chini ya plastiki ya mabanda hayo linakukamua jasho kutwa. Mkojo ukiwa na rangi ya strungi, mwili unalia kiu. Suala la choo usilibebe peke yako. Mpelekeeni mwakilishi wenu wa chama cha wafanyakazi, mkiwa wengi. Wewe beba chupa ya lita moja, unywe kidogo kidogo. Kichwa kikiendelea kuuma, nenda kliniki.

Ila sisi wa Bonde la Ufa hata maji tunayauliza kwao ni wapi. Visima vingi huku vina floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Ndiyo iliyowapaka wengi wetu meno ya kahawia tangu utotoni, na ikizidi kwa miaka mingi huumiza mifupa. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haitoki, tena maji yakipungua sufuriani inakolea. Ulizeni kazini kama maji yamepimwa: kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Vichungi vya mkaa wa mifupa, vile ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilivitengeneza, huipunguza. Maji safi ya mvua pia yanafaa.

Na mama wa chai mwombeni birika moja lisilo na sukari, kila mtu ajitilie. Sisi tulipomwomba wetu, alitutazama kwa huruma, akauliza kama mshahara umechelewa.