NDOO AU NJOO? SOMO LA LAHAJA NA MAJI YA BAHARI

Mwaka huu nimeombwa niandike somo la lahaja. Ningeweza kunakili kitabu nikamaliza kazi. Lakini heri niwafunze kwa kosa langu mwenyewe, maana nusura limtie ndugu yangu hatarini.

Sisi ni watu wa bara. Likizo ya Desemba iliyopita wazazi walitupeleka Lamu: mimi, dada yangu na kitinda mimba wetu wa miaka sita. Baba alikodi mashua kwa siku tatu, tukawa tunazuru visiwani mchana na kurudi mjini jioni. Siku ya kwanza tulikwenda Shela, tukacheza kwenye vilima vya mchanga hadi masikio yakajaa mchanga. Siku ya pili tulikwenda Matondoni, kijiji chenye sifa ya mafundi wa kuunda vyombo vya baharini. Siku ya tatu tukavuka kwenda Takwa, katika kisiwa cha Manda.

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake wa Ijumaa una nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla. Kufika huko huingia kwa mkono mwembamba wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mashua haipiti ila maji yakiwa yamejaa. Nahodha wetu alituonya mapema: "Leo ni maji mafu, hayajai sana. Nikiwaita msikawie."

Sote tukaitikia, "Ndiyo, mzee!" kama mwanafunzi anayemwitikia mwalimu bila kuelewa swali.

Tulipokuwa tukizunguka magofu, ndugu yangu alikuwa amebeba ndoo ya mashua, ile ya kufulia maji, anaokotea makombe. Karibu saa sita tukasikia sauti ya nahodha kutoka mikokoni: "Ndooni! Ndooni!"

Baba akauliza, "Anasema nini huyo?"

Mimi, ambaye kila muhula napata alama nzuri katika Kiswahili, nikajibu upesi, "Ati anataka ndoo yake." Nikamwambia mdogo wangu, "Kimbia umpelekee, sisi twaja." Akaenda peke yake. Sisi tukaendelea kutazama msikiti.

Dakika zikapita. Sauti ikaita tena, mara hii kwa ukali. Tuliposhuka pwani tulikuta mashua imelala ubavu. Mtoto hakuwamo! Mama alipiga ukemi mpaka ndege wakaruka mikokoni. Kumbe alikuwa amekata njia ya mkato akazama matopeni hadi mapajani. Ameshika mzizi wa mkoko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amekumbatia ndoo, hataki kuiachilia kwa sababu nilimwambia aipeleke. Nahodha alilaza ubao juu ya tope, akamtambalia, akamvuta taratibu.

Alipomtoa alinitazama, akasema, "Mwanangu, nalikuita wewe, si ndoo."

Hapo tulikaa mpaka saa mbili na nusu usiku, maji yalipopanda tena. Maji ya kunywa yalikwisha alasiri, na mama alimpa kitinda mimba tone la mwisho. Nikakumbuka kuwa baadhi ya wataalamu, wakieleza kwa nini Takwa ilihamwa, hutaja visima kuingia chumvi. Siku ile nilielewa kwa nini watu huuacha msikiti mzuri kama ule. Kiu si mchezo.

Sasa tuingie darasani.

1. Sauti. Katika Kiamu, lahaja ya Lamu, maneno kadhaa yenye nj katika Kiswahili sanifu huwa na nd. Njia ni ndia, njiwa ni ndiwa, na njoo ni ndoo. Kwa hiyo "ndooni" ni "njooni" tu! Nahodha hakukosea hata chembe. Aliyekosea ni mimi niliyedhani kwamba Kiswahili ni kile cha kitabu changu peke yake.

2. Maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili takriban kila siku. Toka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache, ndiyo maana wakati wa kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika bandari ya Mombasa tofauti hiyo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Nahodha alipotaja maji mafu alikuwa akituambia kwamba kina cha kuelea ni kidogo na kitakwisha mapema. Hatukuuliza.

3. Asili ya neno. Pwani imetokana na kupwa: ni pale maji yanapopwa. Miaka yote naandika "pwani" katika insha bila kuliona tendo lililomo ndani yake.

4. Methali. "Maji yakijaa hupwa." Niliwahi kuieleza katika mtihani nikapata alama zote: eti kila neema ina mwisho. Ni kweli, lakini aliyeitunga kwanza alikuwa na chombo majini na watu wa kurudisha nyumbani.

Basi wenzangu, ukisikia neno usilolijua kutoka kwa mwenyeji, usijitie ujuzi. Uliza. Kuuliza kungetuchukua nukta moja tu, na mdogo wangu asingezama matopeni. Siku hizi nikimwita hunijibu, "Ndoo au njoo?" Wote hucheka, nami hucheka nikiinamisha uso.

ZOEZI
(a) Mwenyeji wa Lamu akikuambia "Ndoo, ndia ni hii," anamaanisha nini?
(b) Eleza tofauti ya bamvua na maji mafu.
(c) Taja maneno mawili ya lahaja ya kwenu au ya jirani yako ambayo yangeweza kumpoteza mgeni. Yalete chamani tuyajadili.