Mwanafunzi Mgeni na Msongo wa Mwaka wa Kwanza

Tunapenda kulitazama jambo ambalo sisi wakufunzi huligusa juu juu tu, nalo ni hali ya moyo ya mwanafunzi anapoingia mahali pageni. Tumechukua mfano wa wanaosomea uuguzi, kwani kwao tatizo huonekana waziwazi.

Kijana atokaye Lindi hukuta Mbeya, mji ulio juu kwa mita 1,700 hivi, baridi asiyoizoea. Hilo ni dogo, blanketi hulimaliza. Zito ni lugha. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Wakifika wodini, bibi mgonjwa huwajibu kwa Kisafwa, au kwa Kihehe wakiwa Iringa. Na pengine kabla mwaka haujaisha, mgonjwa waliyemlisha asubuhi hufariki jioni.

Mwaka 1936 Hans Selye, kutokana na majaribio yake juu ya panya, alieleza kuwa mwili hupokea shida za namna nyingi kwa njia moja: hushtuka, hustahimili, na shida ikidumu huchoka. Hatua ya pili ndiyo impotoshayo mwalimu, maana anayestahimili huonekana ametulia.

Hapa ndipo mwalimu wa darasa la kwanza ahusikapo. Mtoto wa Rungwe ajuaye Kinyakyusa tu hukaa kimya wiki baada ya wiki, nasi humsifu kwa adabu. Huenda hiyo si adabu hata kidogo.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo hili kwa njia yao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa umri wa miaka 10 hivi walivyohama kwa wazazi na kujenga vibanda vyao vya rika. Lakini walihama pamoja, na chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakizunguka nyumba hadi nyumba kwa kundi. Desturi hiyo imetoweka, ila mpango wake wafaa kuigwa darasani.

Basi katika wiki za mwanzo, watoto wa kitongoji kimoja wakae dawati moja. Ajibuye kwa lugha ya nyumbani apokelewe, kisha mwalimu alirudie jibu lake kwa Kiswahili, darasa zima likifuatisha. Na kila Ijumaa mwalimu aandike katika daftari lake majina ya wale ambao hawajatamka neno tangu Jumatatu.