Kufuta Rekodi za Ujenzi kwa API: Tahadhari kwa Wakandarasi na Kamati za Miradi

Slabu ikishamwagwa zege, hakuna anayeweza kuhesabu kwa macho vyuma vilivyo ndani yake. Kinachobaki ni picha zilizopigwa asubuhi ile, fomu ya mkaguzi yenye sahihi, na orodha ya vibarua waliokuwa kazini. Siku hizi wakandarasi wengi huviweka vyote hivyo katika programu za kusimamia ujenzi badala ya faili za karatasi. Kamati ya mradi wa wadi ikiuliza swali miaka mitatu baadaye, jibu limo humo, au limeshafutwa.

Kufuta kuna sababu zake. Picha hupakiwa mara mbili, michoro ya majaribio husahaulika, fomu huingizwa kwenye mradi usio wake. Rekodi zikiwa chache, mtu huzifuta kwa mkono kwenye skrini. Zikiwa mamia, mtaalamu wa kompyuta huandika programu ndogo inayotuma maagizo moja kwa moja kupitia API, yaani mlango ambao programu moja hutumia kuzungumza na nyingine. Skrini huuliza, "Una uhakika?" API haiulizi. Agizo la DELETE likifika na nambari ya rekodi pamoja na ufunguo halali, kazi inafanyika.

Kampuni ya programu ya Atlassian, yenye asili ya Australia, iliyaona haya Aprili 2022. Wafanyakazi wake walitaka kuondoa programu moja ya zamani kwenye tovuti za kazi za wateja. Timu iliyotoa orodha ilitoa nambari za tovuti nzima badala ya nambari za programu hiyo. API ilikubali nambari za aina zote mbili bila kuonya. Ndani ya dakika 23 tovuti 883 zilikuwa zimefutwa, na baadhi ya wateja walingoja hadi wiki mbili kurudishiwa kazi zao. Nakala za akiba zilikuwepo. Bila hizo hadithi ingekuwa nyingine.

Kosa hilo linaweza kutokea kwa urahisi katika ujenzi. Nambari 4127 inaweza kuwa picha katika sehemu moja ya mfumo na mchoro katika sehemu nyingine. Kwa hivyo kila nambari isomwe kwanza kwa agizo la GET, ambalo halibadilishi chochote, na programu iandike jina la rekodi, mradi na tarehe yake. Orodha hiyo ipitiwe na mtu anayeijua saiti, si mtaalamu wa kompyuta peke yake. Msimamizi wa ujenzi ndiye atakayetambua kwamba "picha ya marudio" ni ya nguzo ya upande wa pili.

Orodha ikamilike kabla ya rekodi ya kwanza kufutwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mifumo hutoa rekodi kwa kurasa, tuseme 100 kwa kila ukurasa. Programu ikifuta ukurasa wa kwanza kisha ikaomba wa pili, mara nyingi zilizokuwa za pili zimeshapanda kuwa za kwanza, na 100 zinarukwa bila mtu kujua. Kibaya zaidi ni programu inayoambiwa "futa iliyo juu ya orodha". Intaneti ikikatika na agizo likarudiwa, iliyo juu sasa ni rekodi nyingine kabisa. Anayefuta kwa nambari maalum hana hofu hiyo: agizo likirudiwa, jibu huwa 404, maana yake rekodi haipo tena. Jibu la 204 ni la kufaulu, na 429 ni mfumo kuomba maagizo yapunguzwe kasi.

Nakala ihifadhiwe nje ya mfumo, pamoja na viambatisho. Fomu ya ukaguzi bila picha zake ni nusu ya ushahidi. Kisha ifutwe rekodi moja kwenye mradi wa majaribio, ikaguliwe, halafu kumi, ndipo nyingine zifuate. Mfumo ukiwa na pipa la taka au hali ya "imebatilishwa", hiyo itumike kwanza, kwani si kila API hupitisha rekodi kwenye pipa.

Lakini swali la kwanza kabisa ni kama rekodi inaruhusiwa kufutwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inazitaka taasisi za umma kutunza rekodi za kila ununuzi kwa angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Zahanati iliyokabidhiwa mwaka 2023 haiwezi kupoteza rekodi zake za zabuni mwaka 2026 kwa sababu tu nafasi imejaa.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kibarua haki ya kuomba data yake ifutwe ikiwa haihitajiki tena au ilipatikana kinyume cha sheria. Nakala ya kitambulisho iliyochukuliwa bila sababu ni mfano mzuri. Iwapo data hiyo inahitajika kama ushahidi, sheria hiyo hiyo inaelekeza matumizi yake yawekewe mipaka badala ya kufutwa, na mhusika aarifiwe. Huo ni uamuzi wa mtu, na usiachiwe programu.

Ufunguo wa API wa kufuta usiwe ule wa kazi za kila siku. Utolewe kwa mradi mmoja tu, na daftari lionyeshe nambari zilizofutwa, aliyeidhinisha, na saa. Kazi ikiisha, ufunguo huo ubatilishwe siku hiyo hiyo.