Dondoo muhimu: Jino likikuamsha usiku

• Jino likishtuka kwa maji baridi kisha likatulia upesi, wahi kuziba. Likipwita lenyewe, huenda uozo umefika kwenye neva.

• Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Toa mabaki ya chakula kwa uzi wa meno.

• Meza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usibandike aspirini kwenye fizi, inaunguza.

• Inua kichwa kwa mito miwili. Ukilala chali, mpwito huzidi.

• Maumivu yakikoma ghafla, usishangilie: neva yaweza kuwa imekufa, huku maambukizi yakiendelea.

• Uso ukivimba, ukipata homa au ukishindwa kumeza, nenda hospitali usiku huohuo.