DUBU WA YELLOWSTONE NA CHAKULA CHAKE

Katika nchi za Afrika ya Mashariki hakuna dubu porini, na watu wengi wamjua kwa vitabu na picha tu. Dubu ni mnyama mnene mwenye manyoya mengi, mkia mfupi sana na makucha marefu, naye hukanyaga chini kwa unyayo mzima kama akanyagavyo mtu. Meno yake ya mbele ni ya mla nyama, lakini magego yake ni mapana, yafaa kusaga majani na mizizi. Kwa hiyo dubu si kama simba, ambaye asipopata nyama hufa. Yeye hula karibu kila kitu. Tabia hiyo ndiyo imwezeshayo kuishi katika nchi za baridi kali, na tabia hiyo hiyo nusura imwangamize.

Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone iko katika milima ya magharibi ya Marekani, nayo iliwekwa kwa sheria katika mwaka 1872. Eneo lake lapita maili za mraba 3,400. Humo mna dubu wa aina mbili: dubu mweusi, na dubu mkubwa wa rangi ya kahawia aitwaye grizzly. Habari hizi zamhusu zaidi huyo wa pili. Jike mdogo aweza kuwa na uzito wa ratili 200, na dume mkubwa hufika ratili 700.

Mwaka wa Dubu

Ifikapo Novemba, dubu huingia katika shimo alilochimba mlimani, akalala humo miezi mitano hivi. Muda wote huo hali, hanywi, wala haendi haja. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini. Jike huzaa humo humo shimoni, katika Januari au Februari, akanyonyesha watoto wake hali yeye mwenyewe hajaonja kitu. Jike asiyenona vya kutosha kabla ya kulala, mimba yake haikui. Basi miezi saba ya kula ndiyo iamuayo uhai wake na wa uzao wake.

Theluji inapoyeyuka, dubu hula mizoga ya nyati wa Marekani waliokufa kwa baridi na njaa, pamoja na majani machanga. Kisha huwinda ndama wa elki, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, na kuvua samaki wa aina ya trauti wapandao vijito kutaga mayai. Wakati wa joto huchimba mizizi, hupasua magogo apate sisimizi, na hupanda vilele virefu kutafuta nondo wajifichao mchana chini ya mawe. Nondo mmoja ni kitu kidogo mno, lakini dubu mmoja aweza kula hata 40,000 kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Baridi inapokaribia kurudi, chakula kilicho bora ni kokwa za msonobari uotao juu milimani, kwa kuwa zina mafuta mengi. Dubu hahitaji kuzichuma mtini. Kindi ndiye azikusanyaye na kuziweka akiba ardhini. Dubu hunusa ghala hiyo, akaifukua na kula jasho la mwenziwe.

Chakula cha Bure

Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, mahoteli ya Yellowstone yalitupa mabaki ya vyakula katika majaa ya wazi. Dubu wakajifunza njia ya kufika huko. Wageni nao wakapenda kuwatazama wakila. Viti vikawekwa ili watu wakae wakastarehe, na wengine waliwapa dubu mkate kwa mkono kutoka madirishani mwa magari, ingawa jambo hilo lilikuwa limekatazwa.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Dubu aliyezoea kulishwa haombi; hudai. Tangu mwaka 1931 hata 1969, kwa wastani watu 48 walijeruhiwa na dubu wa aina hizo mbili kila mwaka. Na dubu aliyejeruhi mtu alihesabiwa kuwa mkosaji, na mara nyingi akahamishwa au akauawa, ijapokuwa aliyemfundisha kosa hilo alikuwa ni mtu.

Katika mwaka 1959 ndugu wawili pacha, Frank na John Craighead, walianza kuwachunguza grizzly wa Yellowstone. Waliwavisha baadhi yao ukosi wenye mtambo wa redio, wapate kujua waendako. Wakuu wa hifadhi walipoazimu kuyafunga majaa, ndugu hao walishauri yafungwe polepole, ili dubu wapate nafasi ya kurudia vyakula vyao vya asili. Shauri hilo halikufuatwa. Majaa yalifungwa kwa haraka, na la mwisho ndani ya hifadhi likafungwa mwaka 1970. Dubu wenye njaa wakaingia katika makambi na vijiji, na wengi wakauawa.

Kufikia mwaka 1975 ilikadiriwa kuwa grizzly waliosalia katika hifadhi na milima iizungukayo ni 136 tu. Mwaka huo huo sheria ya Marekani ikawaweka katika orodha ya wanyama walio hatarini. Hasara ya namna hiyo hairudishwi upesi, kwa maana jike huanza kuzaa akiwa na miaka mitano au zaidi, kisha hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa tena. Anayeua jike mmoja ameua ukoo.

Yaliyorekebishwa na Yaliyobaki

Tangu hapo mapipa ya taka yametengenezwa kwa namna ambayo dubu hawezi kuyafungua, vyakula vya wageni hufungiwa katika masanduku ya chuma, na mtu haruhusiwi kumkaribia dubu chini ya yadi 100. Matokeo yameonekana. Grizzly wa sehemu zile sasa wakaribia 1,000, na watu wanaojeruhiwa ndani ya hifadhi ni kama mmoja kwa mwaka.

Lakini hatari haijaisha. Katika mwaka 1994 iligunduliwa kwamba trauti wa aina ya kigeni ameletwa katika ziwa la Yellowstone. Yeye hula trauti wa asili, tena hutaga humo humo ziwani, hapandi vijito, na kwa hiyo dubu hamfikii. Msonobari nao umeshambuliwa na ugonjwa wa kuvu na wadudu watoboao magome, hata mwaka 2022 ukaandikwa kuwa mti ulio hatarini. Kokwa zikikosekana, dubu hutafuta nyama zaidi, na nyama iliyo karibu huwa ni ng'ombe wa mfugaji.

Somo hili si la Marekani peke yake. Mkulima akaaye kando ya msitu wa Kenya amjua nyani aliyekwisha kuonja mahindi, na tumbili aliyezoea kutupiwa ndizi na wapita njia. Kumhifadhi mnyama si kumpa chakula. Ni kukilinda kile alichopewa na nchi yake, na kuyafunika mabaki ya mezani petu.