Fahamu Neno: "Charge" Kwenye Fomu ya Mkopo

Kitenzi cha Kiingereza "charge" kina maana zaidi ya moja, na wakazi wa Meru na Embu hukutana nazo kila siku:

1. Kuchaji simu au betri.
2. Kutoza pesa, kama vile nauli ya matatu kutoka Runyenjes hadi Embu.
3. Kumfungulia mtu mashtaka mahakamani.
4. Kuweka ardhi rehani.

Maana ya nne ndiyo inayoweza kumpotezea mkulima shamba. Fomu ya mkopo ikisema "charge the land", haizungumzii ada. Inasema shamba ni dhamana ya mkopo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, shamba hubaki mali ya mwenyewe, lakini asipolipa deni, mkopeshaji anaweza kuliuza.

Hata hivyo, haliuzwi ghafla. Deni likichelewa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kutoa notisi ya kulipa, isiyopungua miezi 3. Likibaki, hutoa notisi ya kuuza, isiyopungua siku 40. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila saini au idhini ya mume au mke anayeishi humo.

Ukimaliza kulipa, dai "discharge", yaani hati ya kuondoa rehani, na uisajili katika ofisi ya ardhi. Usipoisajili, rejista itaendelea kuonyesha kwamba shamba lina deni.

Ukiona "charge" karibu na nambari ya shamba lako, uliza kabla ya kutia saini.