Kufunga na Kutunza Vyombo vya Kupigia Mbizi

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Methali hii twaiandika kwenye insha kila muhula, lakini sijaona inapofaa zaidi kuliko katika kazi ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Mimi ni mzaliwa wa Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka wa 1968, mwaka mmoja na ile ya Malindi. Likizo ya Desemba, pepo za kaskazi zinapovuma na maji kuwa maangavu, humsaidia mjomba wangu kutayarisha vyombo vya wazamiaji.

Wenzangu wa bara huniambia ati hiyo ni starehe ya watalii. La hasha! Wako vijana wa Pwani wanaolisha familia zao kwa kazi hii. Tena wako wanaozamia majongoo ya bahari kwa mitungi bila kufundishwa na mtu, na wengine hutolewa majini wamepooza au wamekufa. Mjomba husema, "Mpwa wangu, anayefunga mtungi amebeba roho ya mwenziwe." Hilo ndilo somo langu leo. Hata hivyo, usisome kurasa hizi kisha ukatumbukia baharini! Kuzamia hufundishwa na mwalimu aliyehitimu. Mimi naeleza vyombo tu.

1. TUVIJUE VYOMBO

Chombo cha kupumulia majini tunachokitumia siku hizi kilitokana na kazi ya Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, mwaka wa 1943. Sehemu zake kubwa ni hizi:

(a) Mtungi wa chuma au alumini, uliojazwa hewa ya kawaida (si oksijeni tupu, kama wengi wanavyodhani). Hujazwa hadi kiasi cha baa 200, yaani mara 200 ya shinikizo la hewa tunayovuta hapa juu.
(b) Regyuleta, kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungi ili mtu aweze kuivuta. Ina vipumulio viwili: kimoja chako, na cha pili cha akiba kwa mwenzako akiishiwa. Cha akiba aghalabu huwa cha rangi ya manjano.
(c) Geji, inayoonyesha hewa iliyobaki.
(d) Fulana ya kuelea, inayojazwa hewa au kutolewa hewa ili mtu aelee au azame.
(e) Mshipi wa risasi (yaani madini ya risasi, si ya bunduki!), miwani na mapezi ya miguuni.

2. KUFUNGA HATUA KWA HATUA

Kwanza, lowesha ukanda wa fulana kabla ya kuuzungusha kwenye mtungi. Ukanda mkavu ukiingia majini hulegea, na mtungi huanza kuteleza mgongoni. Kaza, kisha shika fulana uiinue juu. Mtungi ukishuka hata kidogo, fungua uanze upya.

Pili, tazama mdomo wa vali. Pale pana pete ndogo ya mpira, mafundi huiita oringi. Ikiwa imepasuka au haipo, hewa itavuja kwa kishindo. Kipande hiki cha shilingi chache chaweza kuharibu safari nzima, kwa hivyo hodari hubeba za akiba mfukoni.

Tatu, fungua vali kidogo sana kwa nukta moja, ili hewa ipulize maji na mchanga uliojificha mle. Funga. Sasa weka regyuleta, vipumulio vikiwa upande wa kulia na geji upande wa kushoto. Kaza kwa vidole tu. Wenye misuli hukaza kama wanaofunga gurudumu la lori, baadaye haifunguki! Unganisha na ule mpira wa kujazia fulana, upande wa kushoto.

Nne, elekeza uso wa geji mbali nawe na mbali na watu, kwa maana kioo chaweza kupasuka hewa inapoingia. Fungua vali polepole, kinyume cha mwendo wa saa, hadi mwisho.

Ukimaliza, laza mtungi chini. Mtungi uliosimama peke yake ni adui wa vidole vya miguu.

3. MTIHANI WA MSHALE

Hapa, mpenzi msomaji, fungua macho. Vyombo vyaweza kukudanganya mkiwa nchi kavu. Vali iliyofunguliwa nusu ya mzunguko hutoa hewa ya kutosha hapa juu, na mtu huvuta mara moja, akasema, "Iko sawa!" Lakini akifika mita 20, shinikizo ni baa 3, na kila pumzi hutaka hewa mara tatu ya ile ya juu. Tundu dogo lile haliwezi. Mtu hukabwa huku mtungi wake umejaa tele!

Dawa yake ni rahisi. Vuta pumzi nne kwa kipumulio huku ukitazama geji. Mshale ukitulia, vali imefunguka. Mshale ukishuka kila unapovuta, kisha ukapanda tena, vali haijafunguka sawasawa. Fanya vivyo hivyo kwa kipumulio cha akiba. Halafu nusa. Hewa safi haina harufu. Ikinuka mafuta au moshi, mtungi huo usitumiwe kabisa, maana huenda mashine ya kujazia ilivuta moshi wa injini.

4. HESABU YA HEWA

Wanaosema Fizikia haina faida na waje hapa. Robert Boyle alieleza mwaka wa 1662 kuwa shinikizo la hewa likiongezeka maradufu, ujazo wake hupungua nusu. Baharini shinikizo huongezeka kwa baa 1 kila mita 10.

Chukua mtungi wa lita 12 wenye baa 200. Tunaacha baa 50 za akiba, zinabaki 150. Basi 12 × 150 = lita 1,800. Anayetumia lita 20 kwa dakika hapa juu atadumu dakika 90. Kwenye mita 20 atatumia lita 60 kwa dakika, hivyo dakika 30 pekee. Kwa sababu iyo hiyo, anayepanda juu hazuii pumzi hata kidogo. Hewa iliyojaa mapafuni kwenye mita 10 hutaka kuwa maradufu ifikapo juu, na mapafu hupasuka.

5. KUKAGUANA

Mzamiaji haendi peke yake, na kabla ya kuruka kila mmoja humkagua mwenziwe. Mimi nimetunga kauli hii ya kukumbukia: Fundi, Usidharau Vyombo, Hatari Majini!

F – Fulana: yajaa na kutoa hewa?
U – Uzito: mshipi wa risasi waweza kufunguliwa kwa mkono mmoja?
V – Vifungo: vyote vimefungwa, nawe wajua vilipo?
H – Hewa: vali i wazi, mshale umetulia?
M – Miwani na mapezi: vipo?

Miwani temea mate ndani, sugua, suuza. Usicheke, mate huzuia ukungu!

6. BAADA YA MBIZI

Chumvi ni mchwa wa vyombo. Funga vali, bonyeza kipumulio hewa iishe, ndipo ufungue regyuleta. Kausha kifuniko chake, kifunge, kisha loweka katika maji baridi. Usibonyeze kitufe cha kipumulio kikiwa ndani ya maji hayo, kwani maji yatapanda ndani. Fulana nayo itie maji baridi kwa ndani, itikise, uyamwage. Anika kivulini, kwa maana jua hula mpira. Mtungi usiishe kabisa. Bakisha hewa kidogo ili unyevu usiingie.

Basi, msomaji, huenda ukamaliza shule ukapata kibarua ufuoni cha kubeba mitungi. Usikidharau. Mgeni atakapokuuliza, "Iko tayari?" usijibu kwa mazoea. Tazama mshale kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini ukanda wa fulana huloweshwa kabla ya kufungwa?
2. Mtungi wa lita 10 una baa 200. Ukibakisha baa 50, utadumu dakika ngapi kwenye mita 10 kwa anayetumia lita 20 kwa dakika hapa juu? (Jibu: dakika 37 na nusu.)
3. Eleza jinsi mtu awezavyo kukosa hewa ilhali mtungi wake umejaa.
4. Tunga sentensi mbili kutofautisha maana za neno "risasi".